Alinipa punda kwa mkono wake, leo ananiita mwizi

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia alfajiri, jogoo wamekwisha kuwika na mimi sijapata hata lepe la usingizi, kwa sababu jana mnadani, mbele ya wanunuzi na mama lishe na watoto, yule mzee aliniita mwizi. Sikuweza kumjibu. Nilibeba kikapu changu nikarudi nyumbani bila kununua chumvi niliyoifuata.

Wewe unaijua Igunga, kwa hiyo sina haja ya kukueleza jinsi watu walivyokuwa wanahangaika na maji wakati wa kiangazi kabla ya bomba. Mzee huyo alikuwa na punda wanne na mkokoteni, akiuza maji kwa madumu ya lita 20, na biashara hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba ya bati. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika mjini, wateja wake wakapata bomba nyumbani na biashara ikafa. Punda watatu aliwauza. Huyu wa nne, jike, hakuna aliyemtaka, kwa kuwa alikuwa mifupa mitupu, kwato zimerefuka hadi zikapinda, na shingoni ana kidonda kilichokuwa kinatoa funza. Kidonda hicho kilitokana na nira ya ng'ombe. Punda hana nundu ya kuzuia nira, anapaswa kuvuta kwa mkanda wa kifuani, na wataalamu wa mifugo wanalisema jambo hilo kila mara, lakini huku kwetu watu huchukua nira iliyopo na kumfunga nayo mnyama yeyote aliye karibu.

Sikumwomba. Ninasisitiza hilo, Shangazi, kwa sababu mtu hawezi kuiba kitu alichoitwa kukichukua. Nilikuwa napita na mwanangu, tukitoka kusaga, naye akaniita na kusema, "Mama, mchukue huyu, ananimalizia pumba bure." Akafungua zizi mwenyewe, akanipa kamba. Hatukuandikishana, maana nani kwetu huandika karatasi kwa ajili ya punda mgonjwa?

Bomba halijafika kwetu, nasi huteka kisimani, kwa hiyo sikatai kwamba punda alinifaa. Lakini kwa miezi miwili nilikuwa namwosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, nikanunua dawa ya minyoo, nikamlipa mtu wa kupunguza kwato, nikashona mkanda wa kifua kwa magunia, na fedha yote hiyo ilikuwa ya dengu, niliyoitunza kwa ajili ya sare za watoto. Muda wote huo mzee hakuja hata siku moja kumtazama. Mwenye mali huikagua mali yake. Leo tukikutana njiani hata salamu ya mwangaluka hanipi, kisha mimi ndiye mwizi.

Punda alizaa mwezi wa Novemba, mwanapunda jike, mzuri, mwenye msalaba mweusi mgongoni. Siku ya tatu mzee akafika na watu wawili. Anadai kwamba hakunipa punda, bali alinikabidhi nimtunze, kama desturi yetu ya ng'ombe ilivyo, ambapo jirani hukaa na ng'ombe wa mwenzake, akanywa maziwa na kutumia samadi, lakini ndama hubaki wa mwenyewe. Nilimuuliza, punda huyu ninamkamua? Akanionyesha chapa yake pajani mwa punda, akasema chapa haisemi uongo. Kisha akaongeza kwamba mimba ya punda ni miezi kumi na miwili, nami nimekaa na huyu miezi tisa, kwa hiyo mtoto aliingia tumboni akiwa bado katika zizi lake. Nimehesabu kwa vidole mara nyingi usiku huu. Katika hesabu hiyo hakukosea.

Lakini ng'ombe mwenye mimba akiuzwa, je, ndama hurudi kwa muuzaji? Aliyetoa ametoa na kilichomo. Na kwa nini anamtaka sasa, wakati punda amenawiri na manyoya yanang'aa? Ninaogopa atamuuza kwa watu wa ngozi. Redioni walisema kwamba Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kukataza kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, lakini makubaliano ya wakuu hayafiki kwenye vichaka vyetu usiku.

Mimi simtaki huyo mwanapunda, Shangazi. Amchukue, nipumzike. Ila amchukue akiwa ameacha kunyonya, yaani baada ya miezi kama sita, na kwanza arudi mnadani aseme mbele ya watu wale wale kwamba mimi si mwizi. Na kwa kweli, hata akisema, sioni kwa nini nimpe, maana binti yangu mdogo hulala akimtaja huyo mwanapunda na mama yake ndiye anayetubebea maji.

Mwenyekiti wa kitongoji amesema shauri liende Jumamosi kwa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji. Mzee anaheshimika pale, nami ni mjane, na marehemu mume wangu alikuwa akimwita kaka, ndiyo maana watoto wangu humwita baba mkubwa. Kila mmoja wetu ataulizwa alisema nini siku ile. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu jana usiku mwanangu, aliyekuwepo, aliniuliza taratibu, "Mama, si ulimwambia baba mkubwa kwamba akizaa hatakosa chake?"

Nilisema hivyo. Nilisema kwa adabu, kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena, na moyoni nilikuwa nafikiria labda kuku, labda debe la mpunga. Punda mwenyewe siku ile nilidhani hatafika mwisho wa mwezi. Mzee hajalitaja neno hilo hata mara moja. Pengine amelisahau, au anasubiri Jumamosi. Mwanangu ana miaka kumi na minne na sijawahi kumfundisha kusema uongo, wala sijamwambia anyamaze, ingawa sijamwambia pia aseme.

Ninakuomba uniambie, Shangazi, kama nilitangulize mimi mwenyewe neno hilo mbele ya wazee kabla hawajaniuliza, na kama nikilisema, nimpe mwanapunda au nimpe kitu kingine, bila watu kuona kwamba nimekiri wizi ambao sikuufanya. Ukiweza kunijibu kabla ya Jumamosi nitashukuru. Usinitaje.

Ni mimi mama wa watoto wanne,
Igunga, Tabora.