Barua kwa mwanangu: kabla hujashuka Kyela na hiyo chenso

Kamwene mwanangu,

Ile video uliyonirushia, unakata gogo na chenso uliyoichokonoa, nimeiangalia mara nne hivi, mama yako akaniuliza huyu mtoto katumwa Mbeya kusoma au kupigia majirani kelele, nikamwambia mwache. Kusema kweli tundu la ekzosi la kutolea moshi umelipanua vizuri, hata kingo umezipiga tupa. Ila mimi sikuwa naangalia gogo, nilikuwa nasikiliza, na hiyo sauti ni kali mno. Mashine ya tustroki, hizi za petroli ya kuchanganya na oili, iliyosetiwa vizuri ukiivuta resi hewani inatakiwa igugumie kidogo, kama mtu anasukutua maji, halafu ikishauma mti ndo sauti inasafika. Yako inapiga yowe moja kwa moja. Maana yake mafuta hayatoshi, ukipanua njia ya moshi hewa inapita nyingi zaidi kwahiyo ile skrubu ya H, ya kabureta inayopima mafuta ya resi kubwa, ilitakiwa uifungue, wewe naona hujaigusa kabisa.

Sasa juu ya hapo unaniambia Jumamosi mnashuka Kyela! Hapo Mbeya uko kama mita 1,700 juu, hewa nyepesi, ukiseti hapo umesetia hewa hiyo. Kyela ni kama mita 500 tu, hewa nzito, na kabureta haijui kama imeshuka mlima, itaendelea kutoa mafuta yale yale, kwahiyo yatazidi kuwa machache kwa hewa hiyo.

Yalinikuta mimi, wewe uko la pili. Nilichukua chenso niliyoiseti hapa Mafinga, gasketi ya chini ya silinda nimeitoa ili ibane zaidi, naringa nayo, nikaenda nayo Ifakara kwenye mitiki. Gogo la tatu resi zikapanda zenyewe, nikajisemea leo inavuta hii, nikazidi kukandamiza, ghafla kimya. Kamba haivutiki. Kufungua nakuta pistoni imekwaruzika upande wa ekzosi, aluminiamu imeshikia kwenye silinda kama ukoko wa ugali. Ndo ile pistoni iko dirishani, ile ulikuwa unawekea misumari ukajifanya muuza duka. Sikuwahi kukwambia imetoka wapi, niliona aibu.

Kwahiyo ukifika kule, kabla ya kukata chochote, fungua H kidogo kidogo mpaka isikike ikigugumia. Kata kidogo, zima, toa plagi uitazame. Ikiwa rangi ya chokoleti endelea, ikiwa nyeupe weka chini. Na oili ni mili 100 kwa lita 5 za petroli, pima na kichupa, sio kwa jicho kama wale jamaa wa stendi.

Wale wa mashindano ya chenso unaowaangalia Marekani wasikuzuzue. Wengine wanafunga injini ya pikipiki ya theluji, wanakata visahani vitatu, chini juu chini, sekunde chache basi, inarudi mezani kufunguliwa. Yako inatakiwa ipasue mbao mpaka jioni.

Kile kijiwavu cha ekzosi cha kuzuia cheche ulichokitoa kirudishe. Ukija huku kiangazi nyasi zote za Sao Hill ni kavu, cheche moja tu tunatafutana. Breki ya cheni nayo usiiguse, sitaki mjadala.

Kuhusu ile chenso ya babu yako, Stihl 070, jibu ni hapana. Najua cc karibu 106 zinakutia tamaa lakini ile ni ng'ombe wa kulimia, haikuumbwa kukimbia, ukiichokonoa unaiharibu tu. Ile ndogo iliyonoki hapa karakana ndo tutaicheza wote, tundu la ekzosi tutalipanua taratibu maana ukizidisha upana ringi inanasa inakatika, halafu tupime nafasi inayobaki kati ya pistoni na kichwa cha silinda ikifika juu, nataka nusu milimita. Kwahiyo Desemba njoo na waya wa risasi ya kuchomea, mwembamba, tuubane hapo tupime unene wake, wa kwangu umeisha.

Baba yako