Kwenu wanangu mnaorudi harusini peke yenu

Wanangu wa kwaya na wa usharika, mliovuka miaka 30 hamjaoa wala kuolewa, na mlitamani,

Najua Desemba inavyowaelemea. Kadi za michango zinarundikana, sare zinashonwa, kila shangazi anauliza, "Na wewe lini?" Lakini saa ngumu kuliko zote ni ile ya usiku: umerudi chumbani, umevua viatu, sare umeitupa kitandani, na hakuna wa kumsimulia harusi ilivyokuwa. Ninawaandikia kwa ajili ya saa hiyo.

Wengi wenu hapo huvaa hedifoni na kuacha nyimbo zijipige mpaka usingizi uwachukue. Hizo huifunika huzuni tu, na asubuhi mnaikuta palepale. Zimeni simu. Fungueni Zaburi ya 13, mistari sita tu, msome kwa sauti. Katika ile miwili ya kwanza mtunzi anauliza "hata lini" mara nne. Zisomeni zote nne taratibu, msikimbilie sifa za mstari wa sita. Mkiruka kilio, sifa hubaki mdomoni, na kesho yake mnaamka na uchungu uleule, juu yake aibu ya kudhani imani yenu ni haba. Nyamazeni dakika mbili tatu. Ndipo mwimbe wenyewe beti mbili za tenzi mnayoijua kwa moyo. Shusheni do, noti ya msingi ya wimbo, kidogo kuliko mnavyoianza kanisani, maana koo lililolia hukaza, na mkishindwa noti ya juu mtaachia katikati. Machozi yakikata wimbo, vuteni pumzi, mrudie palepale.

Ningewachagulia "Yesu kwetu ni rafiki". Joseph Scriven, mtu wa Ireland, alipoandika maneno yake mwaka 1855 kumfariji mama yake, mchumba wake alikuwa amekwisha kufa maji usiku wa kuamkia harusi yao. Baadaye, huko Canada, mchumba wa pili naye akafa kwa ugonjwa kabla ya ndoa. Scriven alifariki mwaka 1886, hajaoa. Maneno hayo yalitoka kwa mtu anayekijua chumba chenu.

Jihadharini na nyimbo zinazoahidi kwamba mwaka hautaisha bila pete. Mkizizoea, sifa inageuka kishika uchumba, na Desemba ikifika mnamdai Mungu. Na yeyote anayetaka sadaka ili "afungue" ndoa yako, mpe mgongo, hata akiwa na joho. Katika 1 Wakorintho 7 Paulo anasema kila mtu ana karama yake. Hasemi popote kwamba hamu yenu ya kuoa ni dhambi.

Mazoezi ya kwaya msiyakose, hasa siku ambayo miguu haitaki. Anayeweza aombe sauti ya pili au ya tatu. Ukiiimba peke yako chumbani husikika kama imepinda; ikikaa katikati ya wenzake ndipo unasikia ilitungwa kwa ajili gani.

Na zamu ya kuimba harusini ikikuangukia siku usiyoiweza, mwambie mwalimu wa kwaya mapema, wala usitunge uongo. Mkiweza kwenda, nendeni wawili, mrudi wawili, mkae mnywe chai kabla kila mmoja hajaenda kufunga mlango wake.

Mzee wenu