Jumamosi studio: wachanaji na waimbaji, someni hadi mwisho

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumamosi tunaingiza sauti za albamu saa 4 kamili asubuhi, si ile saa 4 yetu ya kwaya.

Wachanaji, wiki iliyopita mlikimbizana na biti hadi maneno yakamezwa. House yetu, yaani huu muziki wa dansi wa biti za mashine, ina mapigo 124 kwa dakika. Hip-hop mliyoizoea ni kama 90. Hesabuni nusu, yaani 62, mpate pa kupumulia. Neno "msalaba" lisikike lote!

Kuna wanaoniuliza pembeni kama huu si muziki wa disko. Ndiyo, house ilizaliwa kwenye klabu za Chicago, na jina lake huhusishwa na klabu ya Warehouse, alikopiga DJ Frankie Knuckles. Lakini sikilizeni vile vinanda na kule kuitikiana: ni kanisa la Wamarekani Weusi kabisa. Kuichanganya na rap nako kulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, kukaitwa hip-house. Hatujavumbua kitu.

Mama Mchungaji amesikia wimbo wa 3, akatikisa kichwa. Mimi nimehesabu ni kwa kufuata biti.

Sauti ya pili, njooni na maji ya uvuguvugu, soda baridi mwachieni fundi mitambo.