Barua ya wazi kwa shemeji: yule mpiga solo hakuwa mjinga

Shemeji,

Salamu. Sisi huku wazima, watoto wanakusalimia, na mengine ya nyumbani tutaongea kwenye simu. Hili la leo naliandika hadharani kwa sababu na wewe ulilisema hadharani, tena mbele ya wakwe: kwamba tangu muziki wa roki uanze hajatokea mtu aliyekosa akili kama John Norum, mpiga solo wa bendi ya Europe ya Sweden, aliyeacha kazi Novemba 1986 wakati wimbo wao, "The Final Countdown", unashika namba moja nchi baada ya nchi. "Mtu anainuka mkekani pilau ndiyo linapakuliwa," ulisema. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ila sikubaliani na wewe, na pale hapakuwa mahali pa kubishana.

Tuanzie kwao. Upplands Väsby ni mji mdogo kaskazini mwa Stockholm, njia ya kuelekea uwanja wa ndege wa Arlanda. Sweden ya wakati ule, halmashauri zilikuwa na shule za muziki kwa watoto, na kijana mwenye gitaa hakuhangaika sana kupata chumba cha mazoezi. Ndiyo maana kitongoji kama kile kikatoa bendi zaidi ya moja zilizovuka mipaka. Candlemass nao ni wa hukohuko. Mwaka 1979 vijana wawili walianzisha bendi wakaiita Force. Mmoja ni Joakim Larsson, mwimbaji, aliyekuja kujiita Joey Tempest. Mwingine ni huyu Norum wako, mzaliwa wa Vardø, kaskazini kabisa mwa Norway, wakati huo ana miaka 15. Zingatia hapo: Norum hakuajiriwa na bendi. Bendi ni yake yeye na mwenzake tangu siku ya kwanza.

Miaka ile walikuwa wanahama na kuhamiana kama bendi zetu za dansi enzi za ushindani. John Levén, mcharaza besi, aliwahi kuchukuliwa na mpiga gitaa Yngwie Malmsteen kwenye bendi yake, na nafasi yake akaingia Marcel Jacob aliyetoka kwa Malmsteen. Baada ya miezi michache wakabadilishana tena, kila mtu akarudi kwao. Huo mchezo unaufahamu.

Mwaka 1982 kulikuwa na shindano la bendi la taifa lililoitwa Rock-SM. Washiriki walikuwa maelfu. Aliyepeleka kanda yao ni mpenzi wa Tempest, wenyewe hawana habari. Wakashinda, na zawadi ikawa mkataba wa kurekodi albamu. Juu ya hapo Tempest akapewa tuzo ya mwimbaji bora na Norum ya mpiga gitaa bora. Jina likabadilika, likawa Europe. Albamu ya kwanza ilitoka 1983, na walioichangamkia mapema nje ya Sweden ni Wajapani, kwa sababu ya wimbo unaoitwa "Seven Doors Hotel" ambao Tempest aliuandika baada ya kutazama filamu ya kutisha ya Kiitaliano. Ya pili, Wings of Tomorrow, ilitoka 1984, ikarekodiwa Polar, studio ya ABBA. Sikiliza hizo albamu mbili uone gitaa limekaa wapi: mbele kabisa, linaongoza kila kitu. Ile ndiyo bendi aliyoianzisha Norum. Ukizijua hizo mbili, kilichotokea 1986 hakitakushangaza.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe, maana wewe unaujua kwa ile tarumbeta ya mwanzo tu, inayopigwa kwenye mechi.

Kwanza, si tarumbeta. Ni kinanda. Tempest aliitunga ile sauti kati ya 1981 na 1982, akiwa bado kijana wa mtaani, kwa kinanda cha Korg Polysix alichoazima kwa Mic Michaeli, ambaye baadaye ndiye akawa mpapasa kinanda wa bendi. Akairekodi kwenye kanda, akaiweka. Ikakaa miaka. Mwaka 1985 Levén, yuleyule wa besi, ndiye aliyemwambia aichukue atungie wimbo. Nia ilikuwa wapate kitu cha kufungulia onyesho: taa zimezimwa, watu wanasubiri, kinanda kinalia, kisha bendi inaingia. Ndiyo maana wimbo una zaidi ya dakika tano na unachelewa kuanza; mtu anayetafuta kibao cha redio hatungi hivyo. Maneno yake ni ya watu wanaoiaga dunia kuelekea sayari ya Zuhura, na Tempest amesema aliupata mwelekeo kutoka kwenye ule wimbo wa David Bowie wa mwanaanga.

Studioni Zürich, mwisho wa 1985 na mwanzoni mwa 1986, wakiwa na prodyuza Kevin Elson aliyetoka kufanya kazi na bendi ya Journey ya Marekani, ile sauti wakaijenga kwa kubebanisha mashine mbili: Roland JX-8P na rundo la vyombo vya Yamaha viitwavyo TX816. Moja inaupa unene, nyingine makali. Weka spika nzuri usikilize sekunde thelathini za mwanzo, utaona kwamba sauti ni moja lakini ina tabaka, kama shaba inayopulizwa na watu wengi kwa pamoja. Halafu gitaa linapoingia, linaingia chini. Linakimbia kama farasi, ndiyo, lakini chini ya kinanda. Mpiga solo bora wa taifa anasindikiza. Nafasi yake inakuja baada ya dakika ya tatu, anapiga solo fupi ya kasi, safi kabisa, kisha kinanda kinachukua tena usukani.

Norum hakuupenda ule mwanzo toka alipousikia. Hakuficha. Hata kampuni ya rekodi ilikuwa inaufikiria wimbo mwingine, "Rock the Night", kuwa wa kutangulizwa. Albamu ya The Final Countdown ikatoka Mei 1986, na mengine unayajua: namba moja katika nchi 25, Uingereza wiki mbili kileleni, Marekani nafasi ya nane. Baadaye "Carrie", ule wa taratibu, ukafika namba tatu Marekani, juu kuliko wimbo wenyewe mkubwa. Watu wengi hawalijui hili.

Hapo katikati ndipo Norum alipoondoka. Alikuwa na miaka 22. Alisema wazi kwamba gitaa limezikwa chini ya vinanda na kwamba bendi imegeuzwa kuwa sura za kwenye magazeti ya wasichana. Alikubali kumaliza kazi za matangazo alizokuwa ameahidi, kisha akaaga.

Najua utakuja na hoja ya pesa, maana wewe kila kitu unakipiga hesabu, na si vibaya. Basi tupige. Wimbo wa "The Final Countdown" una mtunzi mmoja, Tempest. Nyimbo zote za albamu ile ni za Tempest, isipokuwa "Carrie" alioutunga na Michaeli. Mirabaha ya utunzi, ile inayoendelea kuingia miaka na miaka kila wimbo unapopigwa redioni, kwenye tangazo au uwanjani, humfuata mtunzi. Norum angebaki asibaki, fungu hilo halikuwa lake. Alichoacha ni mapato ya maonyesho ya ile ziara, na hayo nakubali yalikuwa mazuri. Lakini usiniambie aliukimbia mgodi wa dhahabu. Hati ya mgodi ilikuwa na majina mengine.

Na ukiitazama video ya wimbo huo leo, iliyochukuliwa kwenye maonyesho ya ukumbini Solna mwaka huo wa 1986, mpiga solo unayemwona ni yeye. Aliyekwenda kuupiga duniani kote ni Kee Marcello, aliyetolewa bendi ya Easy Action. Marcello si mtu wa kubezwa, nitarudi kwake.

Miaka iliyofuata naipitisha haraka. Out of This World ilitoka 1988, ikafanya vizuri, Marekani ikafika nafasi ya 19, lakini kinanda kilizidi kunenepa. Kisha kampuni ikazikataa nyimbo walizopeleka, wakatumwa warudi watunge nyingine. Prisoners in Paradise ikaja 1991, mwaka uleule bendi ya Nirvana ya Marekani ilipotoa albamu ya Nevermind iliyogeuza ladha ya roki, na ndani ya miezi michache suruali za kubana na nywele za kupulizwa zikawa kichekesho. Mwaka 1992 wakafunga duka. Hawakutangaza kuvunjika, waliacha tu kupiga.

Kwa hiyo wale waliobaki mkekani, shemeji, pilau lao lilidumu miaka sita hivi.

Norum kwa muda huo alikuwa anafanya nini? Alitoa albamu yake mwenyewe, Total Control, mwaka 1987. Akapiga gitaa na mwimbaji wa Kimarekani Don Dokken kwenye albamu ya 1990. Akatoa nyingine 1992, na kwenye hiyo kuna wimbo ameshirikiana na nani? Na Joey Tempest, yule unayedhani walikuwa hawasalimiani. Hili ndilo linalonifanya nimtetee. Ugomvi wake ulikuwa wa sauti ya bendi, hakuufanya wa mtu na mtu. Bendi nyingi zinavunjika kwa matusi, kesi na ndugu kugawana jina. Huyu alitoka mlangoni kabla mambo hayajafika huko, na mlango ukabaki bila kufuli.

Usiku wa 31 Desemba 1999, Stockholm iliwaita wapige kwenye sherehe za kuingia mwaka 2000. Walipanda jukwaani na wapiga solo wote wawili, Norum na Marcello, bega kwa bega, mara ya kwanza. Ilipofika 2003 wakatangaza kurudi rasmi. Marcello hakujiunga. Kikosi kilikuwa kilekile cha 1986: Tempest, Norum, Levén, Michaeli na Ian Haugland kwenye dramu.

Hapa sasa ndipo mimi na wewe tunapoachana kabisa, maana wewe bendi yako inaishia 1987. Wangeweza kuzunguka dunia na nyimbo sita za zamani, na watu wangejaa. Albamu waliyorudi nayo 2004, Start from the Dark, ina magitaa yaliyoshushwa sauti hadi yananguruma, na kinanda kimekaa nyuma kwa adabu. Aliyekuja kutafuta tarumbeta yake aliondoka mikono mitupu. Na kwenye orodha ya watunzi, jina la Norum sasa lipo pamoja na la Tempest. Miaka 18 baadaye, alichokidai alipewa, tena na watu walewale.

Kuanzia hapo hawajapumzika sana. Secret Society 2006. Last Look at Eden 2009, iliyokwenda namba moja nyumbani kwao. Bag of Bones 2012, na prodyuza Kevin Shirley, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote, ina harufu ya blues na mpiga blues Joe Bonamassa ameingia kidogo na gitaa lake. War of Kings 2015. Walk the Earth 2017 waliirekodi studio ya Abbey Road, London, na prodyuza Dave Cobb, na mwaka uliofuata ikawapa tuzo ya Grammis, ile ya Sweden, kwenye kundi la roki nzito. Hesabu mwenyewe: kabla ya kusimama walitoa albamu tano, baada ya kurudi, hadi hiyo ya 2017, sita. Kipindi unachokiona cha makombo ndicho kirefu zaidi.

Je, wanaupiga ule wimbo? Kila onyesho, kwa kawaida mwishoni kabisa. Norum anasimama pale, kinanda kinalia, watu wanapagawa, anasubiri dakika ya tatu yake, anaipiga. Sioni kinyongo. Alichokuwa anakataa ni bendi nzima kuwa wimbo huo mmoja.

Najua utanijibu kwamba mwenye akili angebaki, akala, akaondoka 1992 na wenzake, kisha 2003 akarudi nao vilevile. Labda. Ila niambie kwa nini bendi inayorudi ingemsikiliza mtu aliyenyamaza miaka yote ile akipokea posho. Walipokaa mwaka 2003 kuamua watapiga muziki gani, mmoja wao alikuwa ameshajibu swali hilo zamani, na gharama alishailipa.

Kazi yako kabla hatujaonana: sikiliza "Got to Have Faith" wa 2004, sauti juu, shemeji yangu wa kike akiwa ametoka. Kisha rudi nyuma usikilize solo ya Marcello kwenye "Girl from Lebanon" wa 1991, maana na yeye sitaki aonewe kwa sababu ya ubishi wetu. Aliingia kwenye viatu vya mtu mwingine, akabebeshwa albamu mbili zenye vinanda vingi kuliko alivyostahili, na humo ndani kapiga vitu ambavyo hata Norum akiwa anavipiga jukwaani leo lazima akaze mkono.

Wako,
shemeji