Kutembea nako ni mazoezi, msituvunje moyo

Mhariri, asalam aleikum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, maana jambo hili limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita na nnaogopa tukilinyamazia litamuondoa mtu.

Mimi kwetu Mkoani, Pemba, ila kazi yangu iko Chake, kwa hiyo jioni nafanya mazoezi Gombani na kikundi kimoja ambacho sikitaji jina. Zamani tulikuwa tunazunguka uwanja taratibu, wazee, kina mama, vijana, watu wanazungumza huku wanakwenda, dakika 40 au 50 kisha kila mtu kwao. Sasa kaja kocha kijana, kaiona Tabata kwenye simu, basi imekuwa ndo hiyo hiyo kila siku, sekunde 20 unaruka kwa nguvu zako zote, sekunde 10 unapumzika, mara 8, na anaetaka kutembea anaambiwa anapoteza muda. Siku moja mama mmoja mwenye presha, siku yake ya tatu tu kuja, raundi ya 5 nlimuona kashika uzio kwa mikono miwili, midomo imempauka, mtandio umerowa jasho, anataka kusema na neno halitoki. Tukamkalisha chini, tukamvua raba, wenziwe wakampepea kwa kanga. Alhamdulillahi alipata nafuu lakini hajarudi tena, na sasa hata kutembea hatembei.

Sisemi Tabata mbaya. Ina ukweli wake. Profesa Izumi Tabata wa Japani alitoa utafiti wake mwaka 1996, wiki 6, kundi moja wanaendesha baiskeli ya mazoezi mwendo wa wastani saa nzima siku 5 kwa wiki, kundi jengine ndo hizo sekunde 20 kwa 10. Wote pumzi ziliongezeka, wa sekunde 20 wakazidi kidogo, na nguvu za kwenda mbio za ghafla wao zilipanda asilimia 28 wakati wale wengine hazikupanda. Lakini walikuwa nani hao? Vijana wa kiume waliokwishazoea michezo, tena juu ya baiskeli, hawaruki juu ya saruji. Na jambo ambalo kocha wetu halisemi kabisa, hata hilo kundi la Tabata siku moja katika wiki walikuwa wanaendesha nusu saa mwendo wa wastani kwanza. Shirika la Afya Duniani nalo linakubali njia zote mbili, dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 mpaka 150 za nguvu, sasa huyo anaetembea kapoteza nini?

Mwenyewe hufanya ya kupandisha na kushusha, ila kwa mtindo wa Norwei. Jumapili asubuhi kile kilima cha kutoka bandarini Mkoani kwenda juu mjini nakipanda kwa nguvu dakika 4, nashuka pole pole dakika 3, mara 4, na nlianza na mara 2 tu baada ya miezi ya kutembea. Siku nyengine zote natembea, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini kasida huwezi kuimba. Pumzi nimeiona imeongezeka, gunia la mchele nalipandisha ghorofani sisimami njiani.

Vikundi vyetu vingi sasa, kila tarehe 1 Januari tunaona watu wanavyojaa barabarani kwa mazoezi ya kitaifa, wengi wao watu wazima wa sukari na presha walioambiwa na daktari watembee. Basi makocha wapime presha kabla, wawagawe watu makundi, mgeni aanze kutembea wiki kadhaa, na anaetaka kubaki hapo hapo kwenye kutembea abaki na heshima yake.

Yule mama nlimpitia juzi kwake, kakubali Jumamosi tuje mimi na yeye na binti yake tuzunguke uwanja mara mbili tu. Naomba tukifika asije akaambiwa tena kuwa anapoteza muda.

Msomaji wako,
Mkoani, Pemba