Mpira Hauoshwi na Kuruta Peke Yake

Wanangu wa zimamoto, Unguja na Pemba,

Assalaam alaykum. Mie nimeshastaafu, magoti yananiuma, na mstaafu hutakiwa akae barazani anywe kahawa yake. Nilikuwa nimeshanyamaza. Ila mwezi uliopita kuliwaka moto karibu na kwetu, nikaenda kusimama pembeni na majirani, na niliyoyaona yamenikosesha usingizi.

Si moto wenyewe. Moto mliuzima, tena vizuri, mashaallah. Ni baada yake. Mkubwa wa zamu alipiga picha na waheshimiwa, akapanda mbele garini, akapandisha kioo. Makuruta wawili wakaachiwa mipira yote ya maji, imejaa tope na vipande vya mabati, wanaikunja hivyo hivyo. Mmoja akasema, "Afande, pampu imevuta maji ya bahari." Akajibiwa, "Kuruta, unanifundisha kazi?"

Mtoto wa watu kasema kweli! Ukiishiwa maji Malindi au Forodhani, bahari ndiyo itakayokusitiri, lakini chumvi haina shukurani. Pampu ikilala bila kusuuzwa kwa maji matamu, kutu imeshaanza kazi.

Nilipoanza mie, sajenti wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akirudi kituoni anavua viatu, anakunja suruali, anashika burashi. Mpira anaupitisha mikononi shubiri kwa shubiri, na sisi makuruta tumemzunguka tunamsimulia kila kitu, hata makosa yake. Nikidhani ni unyenyekevu tu. Baadaye nikahamishiwa kwengine, na usiku mmoja tukaitwa, pampu ikakoroma, ikagoma. Zamu iliyotutangulia haikuisuuza. Kuruta aliyejua aliogopa kusema. Makuti hayangoji mtu. Tulizima kwa ndoo za majirani, tukaokoa cherehani na mkoba wa vyeti vya skuli. Mwenye nyumba hakutugombeza. Alikaa juu ya ile cherehani akitutazama tunavyokunja mipira mikavu.

Mkubwa ni jaa, wanangu. Jaa halichagui taka. Ukiwa afande, beba na maneno ya kuruta, maana yeye ndiye aliyeushika mpira, anajua umetoboka wapi. Wewe uliyepandisha kioo utajulia wapi?

Mengine nayataja tu. Msiingie kwenye moshi mmoja mmoja. Mtungi wa hewa uvaliwe hata moto ukiwa wa jiko. Hesabuni watu wenu kabla ya kuondoka. Na ile fahari ya kurudi nyumbani na magwanda yananuka moshi, watoto wanakurukia, iacheni: mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi yetu katika kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani. Fueni kituoni.

Raia nanyi msicheke. Kila moto mnasema "wamekuja bila maji". Hebu pigeni hesabu: gari la lita 3,000, mpira ukitoa lita 500 kwa dakika, dakika 6 tu tangi tupu. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, tunajisifu nao kwa wageni, halafu kichochoro ambacho hata mkokoteni unapita kwa taabu mtu kaegesha vespa na meza ya vinyago. Mpira tuupitishe juu ya vichwa vyenu? Na watoto wenu wanaopiga 114, namba ya zimamoto, kwa mzaha, simu ni zenu, mnawanunulia nyinyi.

Nimetoka njiani, hasira za uzee hizo.

Afande wa siku ile, mie sikujui jina wala sitaki kulijua. Lakini yule kijana uliyemnyamazisha, mwite. Usimwite ofisini. Mwite pale penye bomba, muulize pampu ilisuuzwa au haikusuuzwa, na umwachie amalize kusema.