Siku za mama wa nasari zihesabiwe mtoto akifika nyumbani

Mhariri,

Salamu kutoka Mtongwe, ng'ambo ya feri. Wiki iliyopita tulimtoa nje mjukuu wangu. Amenyolewa, ametiwa wanja, amefukizwa ubani, na kina mama wa mtaa walikuja na vigelegele na sinia za kaimati kana kwamba ni harusi. Ni mtoto wa kike, mzima, na akilia nyumba ya tatu wanajua. Alhamdulillahi. Lakini Jumatatu mamake anarudi kazini, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu, mimi muuza mahamri ambaye gazeti lenu hulisoma kwanza kabla ya kulifungia biashara.

Mkaza mwanangu hushona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha EPZ, vile vinavyoshona bidhaa za kuuzwa nje ya nchi, upande wa Changamwe. Sikitaji jina, na si kwa woga. Kwa upande wa likizo kiwanda hakikuvunja sheria yoyote. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, naye amepewa yote, hakupunjwa hata siku. Ila miezi hiyo ilianza kuhesabiwa siku aliyopasuliwa, na siku hiyo mimba ilikuwa ya wiki 30.

Nisimulie kidogo, maana waliotunga sheria huenda hawajawahi kukaa kwenye benchi la nasari, ile wodi ya hospitali ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi.

Mimba ilianza kumsumbua ilipofika mwezi wa tano. Miguu ilivimba mpaka viatu vya kazini vikakataa kuingia, akawa anakwenda kiwandani na ndara. Majirani wakasema kuvimba ni dalili ya mtoto wa kiume (kama mlivyosoma, ni wa kike). Kisha kikaja kichwa kisichosikia dawa, na vimulimuli mbele ya macho. Kliniki walipopima, mkojo ulikuwa na protini na presha imepita 140 kwa 90, ikazidi kupanda. Sista alituambia bila kuzunguka: hii ni presha ya mimba, isipodhibitiwa huleta kifafa, na tiba yake hasa ni moja, mtoto atoke. Dawa nyingine ni za kusogeza siku tu. Akalazwa, siku zikasogezwa mpaka zikagoma kusogea. Usiku mmoja tukavushwa feri kwa ambulensi, yeye ana dripu mkononi, mimi nimekumbatia mkoba wa nguo za mtoto ambazo baadaye zilimpwaya zote. Hospitali ya kisiwani akapigwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na ile ya magnesiamu ya kuzuia kifafa, ambayo anasema ilimwasha moto kutoka kooni hadi nyayoni. Baada ya hapo kisu.

Watu wakaja kutufariji kwa lile la zamani, kwamba mtoto wa miezi saba huishi, wa minane ndiye haishi. Nimelisikia tangu usichana wangu, na safari hii nikamuuliza daktari. Alicheka. Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni mapafu yake yanazidi kukomaa, kwa hiyo wa miezi minane ana nafasi kubwa kuliko wa saba. Sijui ni nani aliyetuanzishia uongo huu, lakini umewatia wanawake wengi hofu ya bure, na wengine matumaini ya bure.

Alizaliwa na gramu 1,150. Masikio yake yalikuwa laini, ukiyakunja yanabaki yamekunjika. Kunyonya hakujua, na si kosa lake: kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango ni kazi ambayo mtoto huiweza akikaribia wiki 34. Kabla ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani mpaka tumboni. Mama hukamua maziwa kwa mkono kwenye kikombe, sista huchomeka bomba la sindano kwenye ule mpira, bila kile kijiti cha kusukumia, maziwa yanamiminwa humo, kisha bomba linainuliwa juu yateremke yenyewe. Hayasukumwi. Mililita chache tu, unazitazama zinashuka mpaka shingo inauma. Na kila baada ya saa tatu kazi inaanza upya, mchana na usiku. Saa tisa za usiku utawakuta kina mama wa nasari wamejipanga ukutani, mishono bado mibichi, leso zimefungwa tumboni, kila mmoja na kikombe chake anakamua. Hiyo ndiyo likizo waliyokuwa wakilipwa.

Mzazi kwetu hukandwa kwa maji moto, hunyweshwa mchuzi wa kuku wa kienyeji wenye pilipili manga nyingi, hakanyagi jikoni. Huyu wangu alikuwa akinywa huo mchuzi kwenye flaski, amekaa kwenye kiti cha plastiki, saa za kutazama wagonjwa zikiisha nafukuzwa mimi na flaski yangu.

Mtoto alipotulia kupumua tukafundishwa kangaruu. Anavuliwa, anabakizwa nepi, kofia na soksi, anawekwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha anafungwa kwa leso asiteleze. Joto la mwili wa mtu linamtosha. Sista alisema mtindo huu ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka wa 1978, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Mamake akichoka nilimpokea mimi. Mwanangu naye alifungwa, kuli mzima wa bandarini, ameketi hathubutu hata kukohoa. Leso niliyomfungia ina jina la kumkejeli jirani, silirudii humu kwa heshima ya wasomaji. Masista waliisoma kifuani pake wakavunjika mbavu.

Na mila zetu je? Siku ya saba ilitukuta hatuna mtoto wa kumnyoa. Akika tuliisogeza hadi siku ya 21, maana masheikh wanatufundisha kwamba ya saba ikikosekana ni ya 14, nayo ikikosekana ni ya 21. Mbuzi akachinjwa Mtongwe, mwenye akika yuko nasari kisiwani. Arubaini ndiyo iliyoleta mjadala. Shangazi mmoja akashikilia kwamba ihesabiwe tangu kuzaliwa, na mtu asibadilishe mambo ya wazee. Tukaenda kwa ustadhi wa msikiti wetu, akatutenganishia: nifasi ya mama, yaani damu ya uzazi, ni hukumu ya dini na hesabu yake inaanza anapozaa, lakini kumweka mtoto ndani na kumtoa nje kwa ubani na kaimati ni desturi yetu wenyewe, tuipange inavyomfaa mtoto. Basi tukaihesabu tangu alipoingia mlangoni kwetu. Katika siku hizo hakuna mgeni aliyembusu, na aliyetaka kumshika alinawa kwa sabuni kwanza. Waliokasirika walikasirika.

Uamuzi huo ulitolewa na wanawake wazee wa Mtongwe juu ya mkeka, kwa chai ya tangawizi. Bunge lina wanasheria.

Sasa piga hesabu ya kazini. Mtoto alikaa nasari karibu miezi miwili. Siku anaruhusiwa kuja nyumbani, ile tarehe ya kujifungua iliyoandikwa kwenye kitabu cha kliniki ilikuwa bado haijafika. Yaani kwa haki yake alitakiwa awe yumo tumboni, na huku likizo ya mamake imeshaliwa zaidi ya nusu. Jumatatu mama akiketi kwenye cherehani, mtoto kwa hesabu ya kliniki atakuwa wa wiki tatu. Mwenzake aliyejifungua kwa wakati, siku hiyohiyo, kiwanda hichohicho, anamwacha nyumbani mtoto wa miezi mitatu aliyenona, anayecheka. Wote wawili wamepewa sawa, eti.

Mtu ataniambia sheria inaruhusu kuongezewa. Ni kweli, kwa ridhaa ya mwajiri, au kwa kuunganisha na likizo ya mwaka au ya ugonjwa. Likizo ya mwaka mkaza mwanangu aliimaliza alipolazwa na presha. Ya ugonjwa, kiwango cha sheria ni siku saba za mshahara kamili na saba za nusu, nazo zilikwenda njia ileile. Ridhaa aliiomba. Alijibiwa kwa upole kabisa kwamba oda za nje zina tarehe zake.

Wala sidai kitu kisichowezekana. Mwaka wa 2021 Bunge letu liliifungua Sheria hiyohiyo ya Ajira likaingiza mwezi mmoja wa likizo kwa mfanyakazi anayeasili mtoto, na lilifanya vyema. Na ukivuka Lungalunga tu ukaingia Tanzania, wenzetu mwaka wa 2025 wamebadilisha sheria zao za kazi, mama aliyejifungua mtoto njiti, yaani wa kabla ya wakati, anaongezewa likizo. Shemeji yangu wa Tanga ndiye aliyenipasha, kwa majivuno ambayo hayakuwa na haja.

Waajiri nao nawasikia. Hapa Kenya mshahara wa likizo ya uzazi hutoka mfukoni mwa mwajiri peke yake, na mwenye kiwanda kilichojaa wanawake anaona mzigo kweli. Wiki za ziada zikitupwa kwake zote, atakayeumia ni msichana anayekwenda kuomba kazi huku kidole chake kina pete mpya. Sitaki hivyo. Kila mshahara unakatwa asilimia 2.75 kwenda SHA, ile bima ya afya ya serikali. Wenye elimu ya mahesabu wakae watwambie kama wiki za nasari haziwezi kulipwa kutoka mfuko wa pamoja, maana ugonjwa ndio uliomtoa mtoto mapema, si uvivu wa mamake wala ukarimu wa bosi. Mimi hesabu zangu ni za mahamri na mbaazi.

Kuna jambo moja ambalo kiwanda kinadaiwa hata leo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Kiwandani kwao, kwa maelezo ya mkaza mwanangu, kuna stoo na kuna vyoo. Sasa akamue wapi? Na akishakamua, maziwa yapande matatu kutoka Changamwe, yashuke yapange foleni Likoni, yavuke, yapande tena matatu ya Mtongwe, kwa joto hili letu? Hospitali walitwambia maziwa yaliyokamuliwa hayakai nje ya friji zaidi ya kama saa nne, na hiyo ni mahali penye ubaridi wa kiasi. Tumemnunulia kikasha kidogo cha barafu. Msimamizi wake akimruhusu kukiweka chini ya meza ya cherehani tutashukuru, na wenzake wakikiona wasidhani ni soda.

Mchana mtoto atakuwa nami. Nitamlisha kwa kikombe, mahamri nitayachoma alfajiri tu, ya jioni yamesimama mpaka tutakapoona. Babake mchana hayupo: sheria humpa baba aliyeajiriwa wiki mbili, lakini mwanangu ni kibarua, siku asiyofika bandarini ni siku isiyo na ugali. Na wapo niliokaa nao benchi moja ambao hawajaajiriwa na mtu, wauza mboga, wafua nguo, wengine walikuwa wakitoka nasari mchana kwenda kutafuta nauli ya kurudia jioni. Barua hii haiwafikii hao, najua, na wanastahili yao peke yao. Habari ya bili siigusi, nikianza hatutamaliza.

Ninachowaomba wabunge wetu wa Pwani, na hasa mama mwakilishi wa kaunti kwa kuwa tulimpigia kura kwa mambo kama haya, ni kifungu kimoja. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 na akabakizwa hospitali, likizo ya mamake ianze kuhesabiwa siku mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Hospitali iandike tarehe hiyo kwenye barua ya kumruhusu, mama aipeleke kazini, basi. Hakuna ujanja wa kuichezea, kwa sababu hakuna mama anayekaa nasari kwa starehe.

Na kama yuko mwajiri hapa Mombasa ambaye tayari anahesabu hivyo kwa hiari yake, aandike gazetini humu tumjue. Mkaza mwanangu ana mkono mwepesi wa zipu, na hajaolewa na kiwanda chochote.

Nyanya wa mahamri,
Mtongwe, Mombasa